Paka Anapoacha Kula: Hataki, Hawezi, au Anasikia Kichefuchefu?

Paka akisusa chakula, watu wa nyumbani huwa na maelezo mawili tayari: ama amedeka kwa kuzoeshwa vinono, ama amekula panya huko nje na ameshiba. Mara nyingine maelezo hayo ni ya kweli, kwa sababu paka anayezurura huwa na sahani ya pili kwa jirani, na kuruka mlo mmoja si jambo la kutisha. Hata hivyo, maelezo hayohayo humtuliza mwenye paka siku ya kwanza, ya pili na hata ya tatu, na kwa mwili wa paka hizo ni siku nyingi. Pwani, ambako mtoto husimuliwa mapema habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha, ni nadra kumpata mtu anayemnyima paka chakula kwa kusudi. Kinachokosekana ni hesabu ya saa: tangu paka huyu ale chakula cha maana, si kulamba mchuzi tu, zimepita saa ngapi? Paka mzima asiyekula kabisa kwa saa 24 anapaswa kuonwa na daktari wa mifugo, na paka mdogo aliyeachishwa ziwa karibuni hapaswi kungojewa hata saa 12, kwa kuwa akiba ya sukari mwilini mwake ni ndogo mno.

Sababu ya haraka hiyo iko kwenye ini. Paka ni mla nyama kwa maumbile, na ini lake huvunja protini mfululizo, chakula kiwepo kisiwepo. Tofauti na mbwa au binadamu, hana uwezo mkubwa wa kupunguza kasi ya kazi hiyo wakati wa njaa. Asipokula, mwili huanza kuila misuli yake wenyewe, na wakati huohuo mafuta yaliyohifadhiwa chini ya ngozi na tumboni huingia kwenye damu na kuelekea kwenye ini ili yageuzwe kuwa nguvu. Ini linahitaji protini ili kuyafungasha mafuta hayo na kuyatoa tena, na protini ndiyo hasa iliyokosekana, kwa hiyo mafuta hubaki ndani ya chembe za ini, chembe huvimba, njia za nyongo hubanwa, na ini zima hupoteza uwezo wake. Hali hii ya ini kujaa mafuta inaweza kuanza baada ya siku mbili hadi saba za kutokula, na huwapata zaidi paka wanene. Hapo ndipo wengi hupotea: humtazama paka mnono wakasema ana akiba, ataweza kuvumilia, kumbe akiba hiyo ndiyo inayomdhuru.

Ubaya mwingine ni kwamba ini lililojaa mafuta huleta kichefuchefu, hivyo hata sababu ya kwanza ikiondoka, ugonjwa huendelea wenyewe. Tuseme familia imehama kutoka Tanga kwenda Dodoma, na paka akajificha chini ya kitanda siku nne kwa woga wa nyumba ngeni. Siku ya tano woga umekwisha, ameanza hata kutembea sebuleni, lakini sasa akinusa samaki anageuza uso kwa sababu ini linaumwa. Mwenye nyumba atashangaa kwamba paka amezoea mahali na bado hagusi chakula. Njia ya kuligundua jambo hili mapema ni kumtazama paka kwenye mwanga wa mchana, si wa taa ya umeme, mahali ambapo manyoya ni machache au hayapo: upande wa ndani wa sikio, ufizi, kaakaa na weupe wa jicho. Rangi ya njano ikionekana hapo, suala la kumbembeleza kwa vyakula vitamu limepita, na anapaswa kufikishwa kwa daktari siku hiyohiyo.

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni "nimpe nini?" Kwa maoni yangu swali hilo linakuja mapema mno. La kutangulia ni hili: paka huyu hataki kula, hawezi kula, au anataka lakini anasikia kichefuchefu? Hali hizi tatu zinafanana ukiitazama sahani, kwa sababu sahani zote tatu zimebaki zimejaa. Zinatofautiana ukimtazama paka mwenyewe, na dakika tano za kukaa kimya kando yake wakati chakula kinapowekwa zinaweza kumsaidia daktari kuliko siku nzima ya kubahatisha.

Paka asiyeweza kula huja mbio akisikia sahani, ananusa, anaokota kipande, kisha anainamisha kichwa upande mmoja kama anayetafuta pembe isiyouma, anatafuna mara moja na kukidondosha. Wengine hurudi nyuma ghafla, wengine hujikuna mdomo kwa mguu wa mbele. Mate yanaweza kuchuruzika, pengine yakiwa na damu, na pumzi hunuka. Hapo kasoro iko kinywani: ufizi uliovimba, jino linalooza au kulika kwenye shina, vidonda vya ulimi vinavyoletwa na virusi vya mafua ya paka, au kitu kilichokwama. Katika nyumba zetu kitu hicho mara nyingi ni mwiba wa samaki au kipande cha mfupa wa kuku kilichojibana kwenye kaakaa katikati ya magego ya juu. Nyumba yenye cherehani ina hatari yake ya peke yake, kwa kuwa paka hucheza na uzi na kuumeza, nao huweza kujifunga chini ya ulimi huku ncha nyingine ikiwa tayari imefika kwenye utumbo. Ukiuona uzi umetokeza mdomoni au kwenye njia ya haja, usiuvute hata kidogo, maana uzi uliokazwa hukata utumbo. Mwache na uzi wake mpaka afike kwa daktari.

Paka mwenye kichefuchefu huonekana tofauti. Anakuja akiitwa, anainama juu ya chakula, halafu analamba midomo harakaharaka ingawa hajagusa kitu, anameza mate mara kadhaa, na kugeuka. Wengine huparuza sakafu kando ya sahani, vilevile wanavyofukia kinyesi. Ishara hiyo huwafanya watu wacheke na kusema paka amekidharau chakula, lakini ikirudiwarudiwa huashiria tumbo lililochafuka. Chanzo kinaweza kuwa figo zilizochoka, jambo la kawaida kwa paka wazee ambao wafugaji wao wameona kwamba siku hizi wanakunywa maji mengi na kukojoa sana. Kinaweza kuwa kongosho, ini, minyoo mingi, kitu kilichoziba utumbo, au sumu.

Hali ya tatu ni ya paka ambaye hata hainuki. Ukimpelekea sahani mahali alipojikunja, anafumba macho. Huyu huenda ana homa au maumivu mahali popote mwilini, kuanzia jipu la kuumwa na paka mwenzake hadi mfupa uliovunjika. Joto la kawaida la paka ni kati ya nyuzi 38.1 na 39.2, juu ya letu, kwa hiyo kumgusa sikio kwa kiganja hakusemi lolote la uhakika, na pua kavu au mbichi si kipimo. Pua ina umuhimu wake kwa njia nyingine: paka huamua kula kwa harufu kwanza, ndiyo maana mafua yanayoziba pua humwondolea hamu hata kama tumbo lake ni zima. Kumpangusa pua kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, na kukaa naye bafuni penye mvuke kwa dakika kumi, huweza kumrudisha kwenye sahani mapema zaidi ya kumbadilishia vyakula vitano.

Chakula chenyewe nacho kinaweza kuwa chanzo, na hili linatuhusu sana sisi tunaowalisha paka dagaa, vichwa vya samaki na maini ya buchani. Baadhi ya samaki, wakiliwa wabichi, wana kimeng'enya kinachoharibu thiamini, yaani vitamini B1, na dalili ya kwanza ya upungufu wa thiamini kwa paka ni kupoteza hamu ya kula. Baadaye shingo huinama kifuani, paka huyumba, na mwisho hupata degedege. Kupika huharibu kimeng'enya hicho, kwa hiyo samaki wa paka na apikwe. Kumlisha samaki wenye mafuta mengi kila siku, hasa walioanza kuharibika, kunaleta shida ya pili: vitamini E hupungua, mafuta ya chini ya ngozi huvimba kwa uchungu, na paka huwa hataki kuguswa mgongoni wala tumboni, ana homa na hataki kula. Maini nayo, yakiwa ndiyo chakula cha kila siku kwa miezi mingi, humjaza vitamini A mpaka mifupa ya shingo huota na kuungana; paka wa namna hiyo hushindwa kugeuza kichwa kujilamba, na kuinama sahanini humuuma. Ugali na mchuzi hushibisha tumbo tu. Paka anahitaji taurini, ambayo hupatikana kwenye nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu macho na moyo huharibika. Dagaa, samaki na maini si vibaya kwa kupokezana. Ubaya uko kwenye kimoja kuwa chakula pekee.

Woga na mabadiliko husimamisha ulaji hata kwa paka mwenye afya. Wageni wa sikukuu, ujenzi, mtoto mchanga, paka mpya, au mtu aliyemzoea kusafiri, vyote vinatosha. Penye paka zaidi ya mmoja, mbabe anaweza kukaa mlangoni pa jiko na kumzuia mwenzake bila kelele wala ugomvi, na mwenye nyumba asijue; tenganisha sahani, ziwe mahali wasipoonana, na mbali na sanduku la mchanga, maana paka hapendi kula karibu na choo chake. Jike aliye kwenye joto na dume anayefuata majike hupunguza kula kwa siku chache, na sindano ya chanjo inaweza kumlegeza paka kwa siku moja. Hata katika hali hizi hesabu ya saa haibadiliki: sababu ikiwa ndogo, ini halijui.

Kuna hali ambazo hata saa 24 ni nyingi. Paka dume anayechuchumaa tena na tena kwenye mchanga bila kutoa mkojo, au akitoa matone tu, ana njia ya mkojo iliyoziba, na anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Mara nyingi watu hudhani amefunga choo. Paka mdogo asiyechanjwa anayetapika na kukaa ameinamia bakuli la maji bila kunywa huenda ana panleukopenia, ugonjwa wa virusi unaoua haraka. Paka anayehema kwa mdomo wazi, anayetetemeka, au ambaye ufizi wake umekuwa mweupe, wa bluu au wa kahawia, hangojewi. Jambo moja zaidi linapaswa kusemwa wazi katika nchi zetu: paka asiyechanjwa aliyebadilika tabia ghafla, anayedondosha mate na kushindwa kumeza, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, kwa kuwa ugonjwa huo huwapata paka pia. Usimtie kidole mdomoni ukitafuta mwiba. Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ikiwa hakuna hata moja kati ya hayo, na saa bado ni chache, nyumbani pana kazi ya kufanya. Pasha chakula mpaka kiwe na joto la mwili, si zaidi, kwa sababu joto huinua harufu. Chakula kilichotoka kwenye friji hakinuki kitu kwa paka mwenye pua nzito. Kifua cha kuku kilichochemshwa bila chumvi, au samaki aliyepikwa na kutolewa miiba yote, hufaa kwa siku chache. Visitiwe kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwani vyote viwili huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, na supu ya familia kwa kawaida huwa navyo. Kuongeza sukari, asali au glukosi kwa nia ya kumvutia hakusaidii: mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba jeni moja kati ya zinazojenga kionjio cha utamu kwenye ulimi wa paka limeharibika, na paka haonji utamu kabisa. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wazima, na kuhara humzidishia ukavu.

Weka kijiko kimoja au viwili tu kwenye sahani bapa, kaa mbali, na baada ya nusu saa ondoa kilichobaki. Kumfuata paka na sahani chumba kwa chumba, au kumpaka chakula puani, huonekana kuwa upendo, lakini paka mwenye kichefuchefu hukihusisha chakula hicho na ugonjwa, na anaweza kukikataa kwa wiki nyingi hata baada ya kupona. Kumlisha kwa nguvu kwa bomba la sindano kuna ubaya huo na mwingine, kwani chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia. Maji yawe karibu naye, safi, wakati wote.

Pima pia anachokula. Paka wa kilo 4 aliyepumzika anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku, na kifua cha kuku kilichochemshwa bila ngozi kina kama 150 hadi 165 kwa gramu 100, kwa hiyo anahitaji karibu gramu 125 kwa siku. Aliyelamba kijiko kimoja cha kuku amekula chini ya sehemu ya kumi ya mahitaji yake, na kusema "amekula kidogo" huficha ukweli huo. Mizani ya jikoni ni chombo kizuri hapa: paka wa kilo 4 aliyepungua gramu 400 amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake.

Dawa za binadamu ndizo zinazonisikitisha kuliko yote, kwa sababu hutolewa kwa huruma. Parasetamoli, ambayo iko katika kila nyumba, ni sumu kwa paka. Ini lake halina njia ambayo ini letu hutumia kuiyeyusha na kuitoa, na nusu kidonge cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka wa kilo 4: damu hushindwa kubeba oksijeni, ufizi hugeuka kahawia, uso na miguu huvimba. Diklofenaki na ibuprofeni huharibu figo na tumbo lake. Dawa za kuogeshea ng'ombe na za kupe wa mbwa zenye pemetrini au jamaa zake, ambazo wengine humpaka paka ili kumwondolea viroboto, humletea mtetemeko na degedege. Ikiwa paka ameacha kula baada ya kupewa au kupakwa chochote kati ya hivi, mwambie daktari neno la kwanza na umpelekee pakiti. Hakuna daktari mwenye busara atakayekugombeza, na taarifa hiyo hubadilisha matibabu yote.

Kwa daktari utaulizwa alikula lini mara ya mwisho, amechanjwa na kupewa dawa ya minyoo lini, anatapika, anakojoa, anatoka nje. Video fupi ya simu inayomwonyesha akiikaribia sahani na kuiacha ina thamani kubwa, kwa sababu paka akiwa juu ya meza ya kliniki huganda kwa hofu na dalili hupotea. Kwenye miji mikubwa kuna kliniki za wanyama wadogo, na hospitali za vyuo, kama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo Morogoro na ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete, hupokea paka. Wilayani utampata zaidi afisa mifugo aliyezoea ng'ombe na mbuzi. Usimdharau: kupima joto, kutazama kinywa, kutoa dawa ya minyoo kwa uzito sahihi na kumwongezea paka maji chini ya ngozi ni kazi anazoweza kuzifanya, na zinanunua muda.

Daktari mwenye vifaa ataanza na kichefuchefu, maumivu na ukosefu wa maji kabla ya kuzungumzia hamu, na utaratibu huo ni sahihi. Maropitanti huzuia kutapika. Mirtazapini huamsha hamu, na Marekani iliidhinisha mwaka 2018 aina yake ya kupaka ndani ya sikio kwa paka wanaopungua uzito. Kipimo chake ni kidogo sana, na kwa paka mwenye figo au ini bovu hupunguzwa zaidi, kwa hiyo kidonge cha binadamu kisikatwe nyumbani kwa kukadiria. Paka mwenye njia ya utumbo iliyoziba akipewa dawa ya hamu hudhurika tu.

Mpira wa kulishia ndio unaowaogopesha watu. Daktari humlaza paka usingizi mfupi, hupitisha mpira laini kwenye ngozi ya upande wa shingo hadi kwenye umio, na kumfunga bendeji. Paka anarudi nyumbani nao. Mwenye paka humpitishia chakula kilichosagwa laini mara nne hadi sita kwa siku, polepole, akitanguliza na kumalizia kwa maji ili mpira usizibe, na paka huweza kutembea, kulala na hata kula kwa mdomo ukiwa bado upo. Wengi huuona kama dalili ya kukata tamaa, wakati kwa ini lililojaa mafuta lishe hiyo ndiyo matibabu yenyewe, na paka wanaoanza kulishwa mapema wengi wao hupona.

Aliyekaa siku nyingi bila kula, mfano aliyefungiwa stoo kwa bahati mbaya wiki nzima, asipewe bakuli lililojaa siku anayopatikana. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi ghafla huvuta fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu kwa kasi, na moyo na chembe za damu hudhurika kiasi cha kuua. Siku ya kwanza apewe robo hadi theluthi ya mahitaji yake, yaani kilokalori 50 hadi 65 kwa paka wa kilo 4, zikigawanywa katika milo midogo mingi, kisha kiwango kipandishwe hatua kwa hatua ndani ya siku tatu au nne huku daktari akipima damu pale inapowezekana. Mpira, kama aliwekewa, hautolewi siku ile anapokula kwa mara ya kwanza. Husubiriwa mpaka awe anakula mwenyewe kiasi cha kutosha kwa siku kadhaa mfululizo bila uzito kushuka, na kwa ini lililojaa mafuta hilo huchukua wiki kadhaa.